Farasi Wawili na Mtu Asiye na Kitu

Coventry, Uingereza
Mwezi wa pili, baridi bado haijaondoka

Mdogo wangu Riziki,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote naliulizia goti lako la kushoto, maana mara ya mwisho uliniambia ukisujudu huinuki mpaka ushike ukuta. Nayaulizia macho yako, kama ule ukungu umezidi au umesimama pale pale. Nakiulizia hata kisima, kama maji yamerudi kuwa matamu au bado yanaonja chumvi. Mimi ni mzima kwa kiasi cha uzima wa umri wangu. Asubuhi kifua hukoroma, kikipata chai ya tangawizi hunyamaza. Alhamdulillahi.

Najua barua hii atakusomea Mwalimu Neema, jirani yako. Nimemwomba hivyo makusudi. Mwalimu, nakushukuru. Wewe ni mtu wa bara na huna fungu katika nyumba yetu, ndiyo maana nakuamini kuliko damu yangu. Soma polepole, na akikwambia urudie, rudia. Simu sikutaka kupiga, kwa kuwa kila nikikupigia anapokea Faki, na kila ninachosema kinasikika ukumbi mzima. Haya ninayoyaandika nataka uyasikie wewe kwanza.

Nitaanza na sataranji. Usicheke. Utaona ninakokwenda.

Unaukumbuka ubao wa baba, uliokuwa ukikaa juu ya kabati la vyombo? Farasi mmoja alipotea zamani, tukaweka ganda la kombe mahali pake, na baba akisema huyo ndiye farasi mkali zaidi kwa kuwa hana uso wa kuona haya. Baada ya alasiri mimi na marehemu kaka yetu Shaame tulikaa barazani pale Wambaa, baba kati yetu kama kadhi. Na baba alikuwa na sheria yake moja ambayo hakuna aliyeweza kuibisha: mfalme akikosa pa kwenda, kafa. Hata kama hakuna kete iliyomlenga. Hata kama amekaa tu pembeni, mzima, ila kila mlango umezibwa. Ikifika zamu yake na hana pa kukanyaga, basi kafa, panga upya.

Kwa sheria hiyo Shaame hakushindika. Yeye alipenda tubadilishane kete zote mpaka abaki na mfalme wake na farasi wawili, nami nibaki na mfalme mtupu. Kisha anaanza kunisukuma. Farasi mmoja huku, ganda la kombe kule, mfalme wake nyuma yao akinisogelea taratibu, mpaka niko kwenye pembe ya ubao na sina pa kwenda. Hapo baba anapiga goti lake: "Kafa!"

Siku moja wewe ulikuwa ukumbini juu ya mbuzi, unakuna nazi. Ulikuwa mwali, barazani hutakiwi kuonekana, lakini mlango ulikuwa wazi na kumbe ulikuwa ukitufuatilia kila siku. Sauti yako ikatoka ndani: "Baba, huyo mbona hajaguswa? Hajaguswa, vipi kafa?"

Shaame alicheka mpaka akakohoa. "Kuna nazi weye! Mambo ya farasi huyajui."

Baba hakucheka. Akajibu kwa sauti ya kufunga mjadala: "Mfalme asoweza kutoka nyumbani kwake si mfalme tena. Kafa."

Mbuzi yako ilianza kukwaruza kwa nguvu, na mchuzi wa siku hiyo ulikuwa na vipande vya kifuu. Baba alitema kimoja, akakitazama, akala. Alijua ujumbe ulikotoka.

Sheria ile niliondoka nayo. Nilipotoka Pemba, na unajua sikutoka kwa kupenda, sikubeba ubao wala kete, lakini sheria ya baba nilikuwa nayo kichwani kama aya. Miaka yote hii sikupata wa kucheza naye. Mpaka msimu huu wa baridi, maktaba ya mtaani kwetu ilipoanza kuwaruhusu wazee kukaa ndani siku za Jumanne, kwa sababu mle kuna joto na majumbani mwetu watu wanaogopa kuwasha. Huko ndiko nilikokutana na Mzee Rafiq. Asili yake ni Bengali, alikuwa mfamasia, mjane, mtu wa dhihaka. Anavaa makoti mawili na bado analalamika.

Tukacheza. Siku ya tatu au ya nne hivi nikajikuta nina farasi wawili na yeye ana mfalme mtupu. Riziki, moyo wangu ulinidunda kama kijana. Nilimwona Shaame mkononi mwangu. Nikamsukuma yule mfalme, nikamzibia huku, nikamzibia kule, nikamfikisha pembeni akakosa pa kwenda. Nikasimama, nikampa mkono.

"Mzee Rafiq, pole sana."

Akautazama mkono wangu kama mtu aliyeletewa samaki ambaye hakumwagiza. "Pole ya nini?"

"Umekufa."

"Nani kanigusa?"

Nilikaa chini. Ni maneno yako yale yale, yametoka kinywani mwa mtu ambaye hajui hata kisiwa chetu kiko upande gani wa dunia.

"Hii ni sare," akasema. "Mfalme hajatishwa, na hana hatua. Sare. Kaa tunywe chai."

"Kwetu hiyo ni kufungwa."

"Kwenu wapi?"

"Pemba."

"Basi huko Pemba," akasema, huku anakoroga sukari, "mnaua watu kwa kuwafungia mlango."

Hakujua amesema nini, lakini chai ile sikuimaliza.

Sikukubali upesi. Unanijua. Nilikwenda kwenye rafu, nikasoma, nikaazima ubao, nikakaa nao mezani nyumbani wiki nzima. Na kweli ndivyo ilivyo. Farasi wawili, hata wakisaidiwa na mfalme wao, hawawezi kumlazimisha mfalme mtupu afungwe. Wanaweza kumkimbiza ubao mzima. Wanaweza kumbana pembeni. Lakini kila wanapomkaribia kumshika kweli, ama ana tundu moja la kutokea, ama wameshamziba mno mpaka hana hatua, na hapo mchezo umekwisha bila mshindi. Picha ya kufungwa ipo, unaweza kuipanga mwenyewe kwa mkono ukaiona, ila haifikiki mpaka mwenyewe akosee, aingie pembeni kwa miguu yake pale ambapo angeweza kwenda kwingine. Asipokosea, watamzunguka mpaka wachoke.

Jumanne iliyofuata nikamwambia Mzee Rafiq, haya, nimekubali. Akafurahi, kisha akasema, "Sasa nikuoneshe jambo baya zaidi." Akachukua kitunda kimoja, kile kijitu kidogo cha mbele kisichojua kurudi nyuma, akakiweka upande wa yule mfalme mtupu.

"Nimejiongezea mali," akasema. "Sasa je, mimi ni mgumu zaidi au rahisi zaidi?"

"Mgumu zaidi, bila shaka."

"Sasa ndiyo utaniua."

Akanionesha. Farasi mmoja anakwenda kusimama mbele ya kitunda, anakizuia kisisogee. Farasi wa pili na mfalme wao wanambana yule mpweke mpaka pembeni. Akishabanika sawasawa, farasi wa kwanza anakiachia kitunda na kuja kusaidia. Safari hii mfalme hana pa kwenda, lakini sare haipo, kwa sababu kitunda chake sasa kina njia, na mwenye hatua lazima acheze. Anakisogeza kitunda kwa mkono wake mwenyewe, na muda ule ule anaoupoteza kukisogeza ndio wanaoutumia wenzake kummaliza. Si kila mara. Kitunda kikiwa kimeshafika mbali, kitawahi mwisho wa ubao kigeuke waziri, kete yenye nguvu kuliko zote, na hapo wao ndio watakaokimbia. Lakini kikizuiwa kingali nyuma, mwenyewe kwisha kazi.

"Alipokuwa hana kitu hawakumweza," akasema Mzee Rafiq. "Walimpa kitu, wakamweza."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa baada ya sala wakanipigia simu wanao, Faki na Hamad. Nasema wanao, ingawa ni wa Shaame, kwa sababu wewe ndiye uliyemsaidia mama yao kuwalea mumewe alipofariki, wamenyonya jasho lako miaka yote, na leo nitakwambia walichotaka, ili usiseme hukuambiwa.

Kabla ya siku hiyo walishanijia kwa kila njia. Mwaka juzi walisema nimehama, nimekuwa Mzungu, mtu aliyehama hana nyumba. Nikanyamaza. Baadaye wakasema baba aliacha wasia kwamba nisirithi. Nikanyamaza. Walinizunguka wee, lakini hawakupata pa kunishika, kwa sababu sina kitu huko cha kuninyang'anya. Shamba sina, mti sina, hata mkeka wangu uliliwa na mchwa. Nina neno langu moja tu, kwamba nyumba ya baba haijagawiwa na mimi sijaridhika. Na yule mtu wao anayetaka kununua kiwanja ili ajenge nyumba za wageni ufukweni hataki kukigusa maadamu yupo mrithi mmoja ambaye hajaridhika; na wewe wanajua hutawakatalia.

Safari hii Hamad alikuja na asali mdomoni.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ami, sie tumekaa tukafikiri. Weye mtu mzima, huna kitu huku. Tumeona si haki hata kidogo. Ile mikarafuu ya bondeni, tukupe iwe yako."

"Kwa nini leo?"

Nikamsikia Faki nyuma yake: "Mwambie ni zawadi hino! Mbona auliza kama polisi?"

Hamad akaendelea. "Neno moja tu Ami, ulitamke mbele ya sheha wetu kwa simu. Useme umepokea fungu lako na umeridhika. Basi."

"Na nyumba?"

Akakohoa. "Nyumba tena, Ami... Mirathi ikishagawika, nyumba inabaki kwa sie tulioko."

"Na shangazi yenu?"

"Shangazi tutamjengea vyumba viwili Kengeja, pale njiani hasa. Gari za abiria zapita mlangoni. Usafiri hautampa tabu."

"Shangazi yenu anakwenda wapi hata atake gari?"

Faki akaichukua simu. "Ami, vino weye hutaki mema? Watu wakupa, wakataa?"

Nikamwambia nitafikiri, nikakata. Nikaenda mezani. Ubao ulikuwa bado umepangwa kama Mzee Rafiq alivyouacha kichwani mwangu. Farasi mmoja amesimama mbele ya mikarafuu. Wa pili ananisukuma kwa maneno matamu. Nyuma yao mfalme wao, mtu ambaye hata jina lake hawajanitajia. Na mikarafuu yenyewe naijua, Riziki. Ilikuwa mizee tangu tulipokuwa tukiipanda kuchuma. Ile haitafika mwisho wa ubao ikageuka waziri.

Hapo ningekuwa nimeshamaliza, kama si sauti yako uliyonitumia kesho yake kwa simu ya Faki. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

"Kaka, pokea. Pokea japo hiyo mikarafuu, upate pahala pa kulazwa. Mie sitaki uzikwe na watu wasojua hata jina la baba yako. Mie n'takaa popote, usinifikirie mie."

Ulijua, Riziki? Ulijua kwamba neno langu moja ndilo linalokuweka wewe ndani ya nyumba ile, na bado ukanambia nilitoe? Au walikutuma hujui? Usinijibu. Jibu lolote litaniuma. Ikiwa ulijua, umejiuza ili mimi nipate kaburi. Ikiwa hukujua, wamekutumia wewe unibebee kitunda mpaka mkononi, kwa kuwa wanajua chochote kitokacho kwako nakipokea.

Wallahi nusura wanipate. Makaburi ya Waislamu ya hapa nimeyaona. Mke wa Mzee Rafiq amelala huko, nilimsindikiza siku moja kumwombea. Majani yamelowa, udongo ni mweusi na mzito, unashika kiatu hautaki kukiachia. Kila jiwe lina jina, na hakuna hata jina moja nililoweza kusema huyu namjua kwao, mama yake alikuwa akiuza kitu fulani. Nilisimama pale nikaufikiria udongo mwekundu wa kule bondeni, na nikasema, sema tu neno, Makame. Neno moja tu. Umechoka.

Nawe utalala wapi? Kengeja njiani, vyumba viwili, vumbi la magari, hujui pa kushika ukuta ukiinuka kwenye sijda, kwa sababu si ukuta unaoujua. Kwa macho hayo, nyumba ya baba unaiona kwa mkono. Unajua ngazi ilipobomoka. Unajua mlango unaokwama. Wakikutoa pale wamekutoa macho yaliyobaki.

Kwa hiyo sipokei. Mwalimu, kipande hiki kisome mara mbili, na kama Riziki atapenda, wasomee na Faki na Hamad. Mimi Makame sipokei mikarafuu, sipokei zawadi, sipokei fungu. Sijaridhika. Sitalitamka neno hilo mbele ya sheha, wala mbele ya kadhi, wala kitandani siku ya mwisho. Nabaki kama nilivyo, sina hata jani la mti Pemba nzima, na wao waendelee kunizunguka.

Sikuahidi ushindi, mdogo wangu. Sitaki nikudanganye kwa maneno ya kitabuni. Nyumba haitakuwa yangu kamwe, na sitalala ndani yake tena. Itabaki haijagawiwa maadamu mimi na wewe tunapumua, nasi tukiondoka watafanya watakalo. Hiyo ndiyo sare. Kila mmoja anaondoka mezani na njaa yake. Wao hawapati kiwanja, mimi sipati kaburi, na wewe unapata kuinuka kwenye sijda kwa ukuta wako. Hesabu yangu yote imeishia hapo, na naiona inatosha, ingawa ni chungu.

Jambo moja linanikera zaidi ya mengine yote. Kwa sheria ya baba nilikuwa nimeshafungwa siku nilipotoka. Mtu asiyeweza kurudi nyumbani kwake, kafa. Nami nikaamini. Nimeishi huku miaka yangu yote kama mtu ambaye kete zake zimeshakusanywa, anangoja tu ubao upangwe upya kwa ajili ya watu wengine. Sikuoa, sikununua hata kiti kizuri. Kumbe sheria yenyewe ilikuwa ya baraza moja tu, la mzee mmoja mkaidi wa Wambaa, Mungu amrehemu, na aliyeiona kasoro yake alikuwa ukumbini anakuna nazi. Nasi tukamwambia anyamaze.

Nisalimie watu wangu. Msalimie mjane wa Shaame, mama wa hao vijana. Mwambie simlaumu, na kwamba bado naikumbuka mikate yake ya kumimina. Msalimie muadhini wetu wa msikiti wa chini, kama angali na ile sauti yake ya kukatika katikati. Msalimie binamu yetu fundi wa nyavu aliyeko Fundo, akija. Mwalimu Neema namsalimia mimi mwenyewe, kwa kuwa macho yake ndiyo yaliyoko hapa. Na Faki na Hamad wasalimie pia, kwa sauti ya kawaida, bila kuguna. Ni watoto wa kaka yangu. Hamad ana namna ya kukohoa kabla ya kusema uongo, nilimsikia kwenye simu, na ni kikohozi cha Shaame kitupu.

Goti lako lifunge kitambaa chenye mafuta ya nazi ya moto. Usilale na dirisha la baharini wazi.

Na siku wakikujia barazani wakakwambia kuwa ami yao mjinga, kazibwa kila upande, hana kitu na kesha kufa zamani, weye usibishane nao. Kaa hapo hapo ukumbini juu ya mbuzi yako, na uwaulize kwa sauti ile ile ya siku ile: hajaguswa, vipi kafa?

Kaka yako,
Makame